Sabuni Sawa, Lakini Tupeni na Hesabu

Nenda Base Camp siku yoyote, simama mbele ya ubao wa matangazo, soma. Mafunzo ya kushona. Mafunzo ya saluni. Sabuni ya maji. Kufuga kuku. Kuoka mikate. Kompyuta ya mwanzo, wiki sita, cheti kinatolewa. Nina miaka tisa hapa Nakivale na ubao ule nimeusoma mpaka nimeukariri. Karatasi zinabadilika rangi, nembo za mashirika zinabadilika, orodha ni ile ile.

Sina ugomvi na sabuni. Mke wangu anatengeneza sabuni, na ndiyo inayotununulia madaftari ya watoto. Ugomvi wangu ni na kitu ambacho orodha ile inakisema bila kukiandika: kwamba kichwa cha mkimbizi kinaishia hapo.

Mwaka huu sisi watu saba, walimu wanne na vijana watatu, tulipeleka ombi kwa shirika moja ambalo sitalitaja. Tuliomba chumba Jumamosi, chaki, na pesa kidogo ya kutoa fotokopi. Tulitaka kusoma fizikia ya nadharia, hasa habari ya nyutrino na namna zinavyochanganyika. Jibu lilikuja kwa adabu nzuri. Wanaheshimu sana shauku yetu, lakini jambo hilo haliko kwenye mahitaji ya mkimbizi. Tukaambiwa tufikirie mushroom.

Naandika kujibu sentensi ile moja. Na ninaomba wafanyakazi wa mashirika wanaosoma kijarida hiki wasikasirike kabla ya kufika mwisho.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Nyutrino ni chembe ndogo isiyo na chaji ya umeme, yenye uzito mdogo sana, inayopita katika mawe na katika miili yetu kama hakuna kitu. Zinatoka kwenye jua: kila sekunde karibu bilioni 60 zinapita kwenye ukucha wako wa kidole gumba. Zinatoka hata katika chakula. Isingiro ni nchi ya matoke, na ndizi ina potasiamu. Sehemu ndogo ya atomi za potasiamu huvunjika zenyewe, na kila moja ikivunjika kwa njia ya kawaida inatupa elektroni moja na nyutrino moja (wenye kutaka usahihi watasema ni pacha wake, antinyutrino). Ndizi moja inatoa zaidi ya kumi kila sekunde. Mama mmoja jirani yangu aliposikia hivyo aliniuliza: “Mwalimu, ile kitu inakuliwaka?” Nikamwambia ndiyo, mama, unaila na kuitoa tangu uzaliwe.

Nyutrino ziko za aina tatu, wanafizikia wanaziita ladha: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Pia kuna uzito wa namna tatu. Sasa shika neno hili vizuri, maana utamu wote uko hapa: ladha tatu na uzito wa namna tatu havilingani moja kwa moja. Nyutrino ikizaliwa na ladha ya elektroni, ndani yake kuna mchanganyiko wa zile namna tatu za uzito, kwa vipimo maalumu. Fikiria wapiga ngoma watatu wa Kirundi wanaoanza pamoja, lakini kila mmoja ana mwendo wake, tofauti kidogo na mwenzake. Mwanzoni unasikia mdundo mmoja. Baada ya muda wanaachana, na mdundo unaosikia ni mwingine. Vivyo hivyo nyutrino iliyoondoka na ladha ya myuoni inaweza kukamatwa mbali huko ikiwa na ladha ya tau. Hii si hadithi. Mwaka 1998 mtambo wa Super-Kamiokande wa Japani, wenye tani 50,000 za maji safi chini ya mlima, uliliona jambo hili katika nyutrino za angani. Mwaka 2001 na 2002 mtambo wa SNO wa Kanada, wenye tani 1,000 za maji mazito, uliliona katika nyutrino za jua. Mwaka 2015 Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakapewa tuzo ya Nobel.

Sasa, vipimo vile vya mchanganyiko vinatoka wapi? Nani aliviweka? Hapo ndipo modeli zinapoingia, na hapo ndipo watu wanapogombana mpaka leo.

Mwaka 2002 Harrison, Perkins na Scott walipendekeza jedwali hili. Mstari wa elektroni: 2/3, 1/3, 0. Mstari wa myuoni: 1/6, 1/3, 1/2. Mstari wa tau: 1/6, 1/3, 1/2. Chukua kalamu. Jumlisha kila mstari kwenda kulia, unapata 1. Jumlisha kila safu kwenda chini, unapata 1. Mtoto wa P6 anaweza kuhakikisha. Jedwali lilikuwa zuri, na lilikaribiana sana na yale yaliyopimwa wakati ule. Wanafizikia wengi wakajenga modeli za kueleza uzuri wake. Nyingi zilitumia umbo la piramidi ya nyuso nne, zote pembetatu zilizo sawa: kuna njia 12 za kuligeuza likaonekana vilevile kama halijaguswa. Wakasema labda maumbile yenyewe yana ulinganifu wa namna hiyo, na vipimo vya nyutrino ni alama zake tunazoziona.

Halafu ikaja Machi 2012. Wanasayansi wa Daya Bay, huko China, walipima nyutrino zinazotoka kwenye mitambo ya nyuklia, wakakuta ile sifuri si sifuri. Ni kama 0.02. Asilimia mbili tu! Lakini asilimia mbili si kitu kimoja na hakuna. Modeli zilizokuwa zimeisimamia sifuri ile zikalazimika kurekebishwa au kuachwa.

Nilipoandika habari hii ubaoni, msichana mmoja wa S3 anayetoka upande wa Kabazana aliuliza: “Sasa ile zero iliendaka wapi, Mwalimu?” Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake ndilo swali la maprofesa. Wako wanaosema ulinganifu upo, lakini umevunjika kidogo, kwa hiyo tuutafutie masahihisho. Wako wanaosema tulichagua ulinganifu usio wenyewe, tutafute mwingine. Na wako waliosema tangu mwaka 2000, kina Hall, Murayama na Weiner, kwamba pengine hakuna mpango wowote: namba zimeanguka tu kama kura iliyopigwa, na sisi tunaona sura katika mawingu. Hakuna aliyeshinda bado. Bado hatujui kwa nini kwaki zinachanganyika kidogo na nyutrino zinachanganyika sana. Bado hatujui kama nyutrino ni pacha wa nafsi yake.

Msichana yule alifika kwenye mpaka wa elimu ya dunia kwa sehemu za hesabu alizofundishwa shule ya msingi. Na mimi nimwambie nini? Aende saluni?

Najua ninayojibiwa. Nayachukua moja moja.

La kwanza ni njaa. “Watu wamepunguziwa chakula, na nyinyi mnataka nyutrino?” Ndiyo, chakula kimepunguzwa, sisi ndio tunaokikosa, hatuhitaji kukumbushwa. Lakini tazama hoja hii inakwenda wapi. Nakivale ilianza 1958. Ina umri wa mzee mwenye wajukuu. Kama elimu ya juu inangoja mpaka njaa iishe, basi imengoja tangu wakati wa Wanyarwanda wa kwanza waliofika hapa, na itangoja na watoto wa watoto wetu. Tena hatukuomba unga wa mtu ugeuzwe vitabu. Tuliomba chaki.

La pili ni gharama. “Fizikia inataka maabara, mitambo, mabilioni.” Fizikia ya vipimo, kweli inataka. Fizikia ya nadharia inataka karatasi, kalamu, na mtu wa kubishana naye. Katika elimu zote, hii ndiyo inayomfaa maskini. Makala za wanafizikia tangu 1991 zinawekwa katika hifadhi ya arXiv, bure, mtu yeyote anazipakua. Cherehani moja ni ghali kuliko mwaka mzima wa kikundi chetu.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi: kwamba haya si mambo ya watu kama sisi. Hapa lazima nieleze historia, kwa sababu wanaosema hivyo hawaijui.

Elimu ya nyutrino imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokimbia. Tarehe 4 Desemba 1930 Wolfgang Pauli aliandika barua kuelekea mkutano wa Tübingen, akipendekeza kwamba kuna chembe ambayo hakuna aliyeiona. Miongoni mwa waliokuwa mkutanoni ni Lise Meitner, aliyekuwa amepima kwa mikono yake tatizo ambalo Pauli alitaka kulitatua. Mwaka 1938 Meitner, Myahudi wa Austria ambaye pasipoti yake ilikuwa imekuwa karatasi bure, alitoroka Ujerumani kupitia Uholanzi akiwa na maki kumi kwenye mkoba. Pauli mwenyewe aliondoka Zurich 1940 kwenda Marekani. Enrico Fermi, aliyeandika nadharia ya kwanza ya chembe hii, aliondoka Italia mwisho wa 1938 kwa sababu ya sheria za kuwabagua Wayahudi. Mke wake, Laura, alikuwa Myahudi. Hans Bethe na Rudolf Peierls, wote wawili wakiwa wamekimbia Ujerumani, walikaa Manchester mwaka 1934 wakapiga hesabu wakaona kwamba chembe hii haitakamatika kwa njia yoyote iliyokuwapo.

Bruno Pontecorvo, Myahudi wa Italia, alikimbia Paris Juni 1940 kwa baiskeli, Wajerumani wakiwa wanaingia mjini. Msongolese yeyote aliyewahi kutoka Uvira au Rutshuru na baiskeli na mfuko mmoja anaijua safari ile. Mwaka 1946, akiwa Kanada, ndiye aliyeeleza jinsi ya kukamata nyutrino kwa klorini. Mwaka 1957, akiwa Dubna, Urusi ya Kisovieti, alitoa wazo la kwanza kwamba nyutrino zinaweza kubadilika njiani. Mwaka 1962 Wajapani watatu, Maki, Nakagawa na Sakata, wakaandika mchanganyiko wa ladha wenyewe. Jedwali ninalolichora ubaoni leo lina majina ya hao wanne.

Na yuko Jack Steinberger. Alikuwa na miaka 13 mwaka 1934 mashirika ya misaada ya Wayahudi wa Marekani yalipomtoa Ujerumani, yeye na kaka yake, bila wazazi, wakapelekwa Chicago. Msaada wa masomo ulipokwisha alipata kazi ya kuosha vyombo vya maabara katika kiwanda cha dawa. Mchana anaosha, jioni anasoma chuoni. Mwaka 1962, pamoja na Lederman na Schwartz, alithibitisha kwamba kuna nyutrino ya pili, ya myuoni. Bila ya pili hakuna kuchanganyika, na bila kuchanganyika mimi nisingekuwa na la kuandika hapa. Walipata Nobel 1988. Sasa niambieni, wafanyakazi wa mashirika: kama afisa wa wakati ule angeandika kwenye faili ya kijana yule “kuosha vyombo, ameshapata riziki, faili ifungwe,” angekuwa amekosea wapi kwa kanuni zenu?

Wala msidhani Afrika ilikuwa mbali na mambo haya. Urani nyingi ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwetu. Mwaka 1965 moja ya nyutrino za kwanza kabisa za angani kukamatwa ilikamatwa zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Afrika Kusini, kazi ya kina Reines na Sellschop. Mgodi ule ulichimbwa na Waafrika, wengi wao wageni kutoka nchi jirani. Mashimo tumechimba. Mawe tumebeba. Kwenye hesabu ndiko hatukuitwa.

Kuna watu wengine ambao nataka kugombana nao, na hao ni rafiki zetu. Katika semina moja mwezesha mmoja alisimama akasema nyutrino ni kama mkimbizi: haina kwao, inapita kila mahali, haishikwi, inabadilika njiani lakini inabaki yenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa kimya, na leo ninasema. Mfano ule ni mbaya kwa nyutrino na ni mbaya kwa mkimbizi. Nyutrino haipangi foleni ya kadi. Haibadiliki kwa sababu ya mateso; inabadilika kwa vipimo ambavyo tunaweza kuviandika na kuvipima. Na mkimbizi hapiti kila mahali: muulize aliyesimamishwa barabarani. Tumechoka kufanywa mfano wa kila kitu. Pontecorvo hakusema nyutrino inanifanana. Alikaa akapiga hesabu. Njo maana tunamkumbuka.

Mtu akinipa picha nzuri ya kunitia moyo bila kunipa hesabu, amenipa tangazo. Mtoto anayejifunza kwamba sayansi ni wimbo wa kutia moyo atapiga makofi maisha yake yote na hatajumlisha mstari hata mmoja.

Basi tunataka nini? Mambo matatu, na yote ni madogo.

Moja, chumba chenye ubao, Jumamosi, saa nne hadi saa saba. Vyumba vipo, vinafungwa wikiendi.

Mbili, UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Lengo zuri. Lakini ulizeni pia wanasoma nini. Mbarara, mwendo wa gari tu kutoka hapa, kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu 1989. Kigali, tangu 2018, kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, dada wa kituo cha Trieste kilichoanzishwa 1964 na Abdus Salam, mtu ambaye naye aliiacha Pakistan baada ya nchi yake kutangaza kwamba dhehebu lake si Waislamu. Najua kwa baadhi yetu Kigali si mahali pa kwenda. Kwa wengine ni safari ya basi. Mshauri wa masomo anayekaa na vijana wetu awe na habari hizo mezani pamoja na habari za mushroom.

Tatu, kwenye orodha ile ya ubaoni, ongezeni mstari mmoja: Hesabu na Fizikia, kwa anayetaka. Akija mmoja, amekuja mmoja. Hata darasa la kuoka mikate lilianza na watu wanne.

Na kwa majirani zangu: msingoje kibali cha mtu. Kama una simu yenye kikokotoo cha kisayansi, anza leo. Uwezekano wa nyutrino ya myuoni kupotea njiani, kwa hesabu iliyorahisishwa ya ladha mbili, unapatikana hivi. Zidisha 1.27 kwa 0.0025, zidisha kwa kilomita za safari, gawanya kwa nishati. Tafuta sini ya jibu hilo (weka kikokotoo kwenye RAD, si DEG), halafu izidishe kwa yenyewe. Japani wanarusha nyutrino kutoka Tokai hadi Kamioka, kilomita 295, umbali unaozidi kidogo wa Mbarara hadi Kampala, kwa nishati ya 0.6 (kipimo chake ni jiga elektronivolti). Utapata 1.56 na kitu, na sini yake ni karibu 1. Maana yake karibu zote zimebadilika ladha kabla ya kufika. Waliuweka mtambo pale makusudi.

Sasa rudia, lakini badala ya kilomita 295 weka 590. Jibu litakuwa karibu na sifuri. Usifute, hujakosea. Kaa nalo, jiulize zile nyutrino zilizobadilika zimekuwaje, halafu njoo Jumamosi utueleze. Chumba hatujapata bado. Tuko chini ya mwembe nyuma ya kanisa, New Congo, na ubao tunao.